Barafu ya Dakta Kestner

Lokwang alikuwa na miguu mirefu, lakini alivaa akala za tairi, na akala hazikutengenezwa kwa ajili ya kukimbia.

Akoru alikuwa nyuma yake hatua ishirini.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, Alhamisi, na mji wa Lodwar ulikuwa umeshaanza kuchemka. Lokwang alikata kona nyuma ya soko, akaruka mtaro, akapita katikati ya wanawake waliokuwa wakisuka vikapu, akamporomoshea matusi mwenye bodaboda aliyemzibia njia. Akoru hakumtukana mtu. Aliruka mtaro uleule na kuitunza pumzi yake.

Hatua kumi na tano. Kumi.

Bastola yake, Glock 17, ilikuwa kiunoni chini ya shati, na hapo ndipo ilipobaki. Alihitaji mtu anayeweza kuongea.

Lokwang akatumbukia kwenye mchanga wa Kawalase, mto ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mto kwa jina tu. Akala zikamsaliti. Mguu wa kushoto ukazama, kamba ikakatika, akaanguka kifudifudi. Kabla hajageuka, goti la Akoru lilikuwa limeshamkalia mgongoni.

"Ejok," Akoru akamsalimia.

"Ejok noi," Lokwang akajibu, mdomo umejaa mchanga. Salamu ni salamu.

"Jumanne uliendesha gari la mzungu hadi Kanamkemer."

"Mimi ni dereva tu, madam. Dereva anaambiwa twende, anaenda."

"Mlimkuta Ebenyo akifanya nini?"

"Anaosha makaa."

"Endelea."

Lokwang akatema mchanga. "Mzungu aliuliza hiyo dawa ya maji iko wapi. Aliuliza sana. Kijana akanyamaza. Mzungu akamuingiza kichwa kwa beseni, akamtoa. Mara ya pili, kijana amenyamaza. Mara ya tatu akasema iko friji."

"Halafu?"

"Mzungu akafungua friji, akaona chupa. Iko na karatasi, imeandikwa. Akafurahi. Akaweka kwa kasha ya barafu. Halafu akarudi kwa beseni. Hiyo mara ya nne hakumtoa."

Jua lilimchoma Akoru kisogo na mkono wake ulikuwa umeikunja kola ya Lokwang mpaka ikapasuka.

"Unajua mimi ni nani?"

"Polisi."

"Ebenyo ni ndugu yangu. Tumenyonya ziwa moja."

Lokwang akafumba macho, akasubiri risasi. Haikuja. Akoru alimfunga mikono kwa vibanio vya plastiki, akamnyanyua, akamuuliza swali moja la mwisho. Mzungu alikuwa wapi sasa?

"Kakuma. Anangoja watu kutoka ng'ambo ya mpaka."

Simu yake ya setilaiti, Thuraya, ililia kabla hajafika kwenye gari. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa na namba hiyo. Makena, mkuu wake katika Idara ya upelelezi, aliongea kutoka Nairobi kwa sauti ya mtu aliyezoea kutorudia maneno.

"Birika kwa Kisima."

"Kisima nasikia," Akoru akajibu kwa jina lake la redioni.

"Umempata dereva?"

"Ninaye. Yule mzungu ni Kestner mwenyewe. Yuko Kakuma."

"Sawa. Sikiliza. Dakta Kestner namtaka hai. Kuna mapipa mawili ya dawa ya nzige yaliyotoweka ghalani, na ni yeye anayejua yalipo. Akifa, tutayatafuta kwa kuhesabu mizoga. Na nataka mnunuzi wake pia. Usimguse mpaka wakutane."

Akoru akatazama kipande cha kola ya Lokwang kwenye kiganja chake.

"Akoru. Nimekuachia kazi hii wakati kila mtu hapa aliniambia nisikupe. Namtaka hai."

"Nimesikia, mkubwa."

Alisikia, ndiyo. Lakini tangu Jumanne jioni, alipomkuta Ebenyo amelala sakafuni na kola ya shati imelowa, alikuwa ameahidi jambo jingine, na hakuwa ameliahidi kwa Idara.

*

Alimkabidhi Lokwang kituoni, kisha akapita Kanamkemer.

Maabara ya Ebenyo ilikuwa vyumba viwili vya mabati nyuma ya duka la vyakula. Ndani, kila kitu kilikuwa kimepekuliwa. Nje, kando ya mlango, palikuwa na mtungi wa plastiki wa manjano, wa lita ishirini, umepigwa na jua mpaka rangi imepauka.

Akoru akaufungua. Ulikuwa umejaa chembe nyeusi, ndogo kama mtama.

Ndiyo hiyo dawa aliyoifia ndugu yake. Kestner aliipita akiingia, akaipita tena akitoka.

Mambo yalianza na nzige. Walipovamia Turkana mwaka wa 2020, ndege zilikuja zikanyunyiza dawa, nzige wakafa, watu wakashukuru. Lakini dawa inayoua nzige huua na mbuzi, na ikizidi humwua mwenye mbuzi. Ebenyo, fundi wa maabara mwenye ukaidi wa punda, akaanza kutafuta namna ya kuitoa sumu hiyo kwenye maji.

Alipata kimeng'enya. Vimeng'enya ni mafundi wadogo wasioonekana walio ndani ya kila kiumbe hai. Bila wao hata ugali haungesagika tumboni. Hiki cha Ebenyo kilitoka kwa vijidudu vya udongoni, na kazi yake ilikuwa moja, kuikatakata sumu ile mpaka isidhuru. Kilifanya kazi vizuri sana, mpaka saa nne asubuhi. Baada ya hapo joto la Lodwar lilikimaliza.

"Ni kama turubai," Ebenyo alimweleza dada yake Pasaka iliyopita, wakila samaki wa kukaanga. "Ukilitandaza bila vigingi, upepo unalikunja, linakuwa fundo. Kimeng'enya kikipata joto kinajikunja hivyohivyo, kinapoteza umbo, na umbo ndiyo kazi yake. Sasa ukikipigia vigingi kwenye kitu kigumu, kitajikunja vipi?"

Vigingi vyake vilikuwa makaa ya mathenge, ule mti wa miiba uliomeza malisho na kumtoboa kila mtu tairi. Aliuchoma, akausaga, akaziosha chembe, akazipaka gundi aliyoipika kwa magamba ya samaki wa ziwani, kisha akakibandika kimeng'enya juu yake. Akazianika juu ya mabati siku arobaini. Siku ya arobaini na moja akazitia kwenye maji yenye sumu, na zikafanya kazi kama siku ya kwanza. Akazisuuza, akazitumia tena. Alirudia mara thelathini.

Ndani ya friji alibakiza chupa moja ya kimeng'enya kisichobandikwa, kwa ajili ya kulinganisha tu. Chupa isiyovumilia hata safari ya kwenda Lokichar.

Na hiyo ndiyo aliyoibiwa.

Akoru alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtungi katikati ya magoti, akaelewa. Mara ya tatu kutolewa kwenye beseni, mapafu yamejaa maji, Ebenyo alikuwa amemwelekeza mwizi kwenye friji. Na Kestner aliamini, kwa kuwa kote alikosomea na kufanyia kazi, kitu cha thamani hukaa kwenye baridi. Alikuwa ameishi Afrika Mashariki miaka kumi na mbili, akiongea Kiswahili kizuri kuliko wabunge wengine, akaajiriwa kuwa mshauri wa vita dhidi ya nzige, lakini hakuwahi kufikiri kwamba mtu wa Lodwar angetengeneza dawa ya kukaa Lodwar.

Akalia kidogo. Kisha akaubeba mtungi, pakiti ya karatasi za kupimia, pampu ndogo ya Honda na bomba la plastiki ambalo Ebenyo alilitumia kwa majaribio, akavipakia kwenye Land Cruiser.

*

Barabara ya Kakuma siku hizi ni lami. Saa nane alikuwa ameshafika.

Hakuuliza mtu habari za mzungu. Kwenye kambi ya wakimbizi kuna wazungu wengi, na kila mmoja ana gari jeupe. Akoru aliuliza swali jingine kabisa, akapita nalo duka kwa duka katika mtaa wa biashara. Nani ananunua barafu nyingi na hauzi samaki wala soda?

Duka la nne lilikuwa la Nyaduoth, mwanamke mrefu wa Kinueri aliyekuwa na friza mbili na uso wa mtu asiyependa kuchezewa.

"Huyo iko," Nyaduoth akasema. "Mzungu. Mtu yake anakuja kila masaa tatu na kasha ya bluu. Jaza barafu, jaza barafu. Mimi nauliza, nyinyi mnapika barafu? Yeye anakasirika."

Akoru akacheka. Tangu Jumanne hakuwa amecheka, na kicheko chenyewe kilimtoka kikavu, Nyaduoth akamwangalia mara mbili.

"Wanakaa wapi?"

"Nyumba ya geti nyekundu, karibu na uwanja wa ndege. Unataka nini na hao?"

"Walimuua ndugu yangu."

Nyaduoth akafuta mikono kwenye aproni. Hakuuliza zaidi. Kule alikotoka, sentensi hiyo ilijitosheleza.

"Umeme wa friza zako unatoka wapi?" Akoru akauliza.

"Kwa Pontien. Sisi wote, mtaa mzima. Jenereta yake."

Pontien alikuwa Mkongo mwembamba mwenye kofia ya mpira wa miguu, aliyekaa kando ya jenereta la Perkins lililovutwa nyaya kila upande. Akoru alimwonyesha kitambulisho, kisha akamweleza anachotaka. Lizimwe sasa hivi, lisiwake mpaka kesho jioni.

"Mama, batu batalia," Pontien akasema. "Soda zabo zitapata moto. Batanipiga."

"Waambie ni mafuta machafu. Wakikataa, waambie ni mimi."

"Juu ya nini?"

"Kuna mtu anategemea barafu kuliko anavyojua."

Pontien alimtazama, akatazama jenereta, akavuta pumzi ndefu ya mtu anayeaga siku nzima ya kazi. Akalizima.

Mtaa mzima ukanyamaza.

Saa kumi na moja mtu wa Kestner alifika na kasha la bluu. Friza zilikuwa zimeanza kutoa jasho. Nyaduoth alimjazia vipande vya mwisho alivyokuwa navyo, na alipokuwa akilifuta kasha maji chini, kidole chake kilibandika kitu cheusi alichopewa na Akoru, kidogo kama kifungo cha shati. Chombo cha kunasia sauti, cha kwenda hadi kilomita mbili.

"Hii mwisho," alimwambia yule mtu. "Kakuma yote hakuna barafu."

Akoru alikuwa akimtazama kutoka dirisha la nyuma. Aliambiwa asimguse Kestner mpaka akutane na mnunuzi, naye hakumgusa. Hakuna aliyemkataza kugusa barafu yake. Mnunuzi yeyote mwenye akili angetaka kuona dawa ikifanya kazi, na ikishindwa, wanunuzi wa aina hiyo hawaandiki barua ya malalamiko.

Hilo hakumwambia Makena.

*

Ijumaa, saa sita na nusu mchana. Nje ya Kakuma, kando ya barabara ya Lokichoggio, kwenye korongo kavu ambalo Kestner alisikika akilitaja usiku.

Akoru alilala kifudifudi juu ya kilima cha mawe, darubini ya Bushnell machoni, kifaa cha kusikilizia sikioni. Kipimajoto cha saa yake kilisoma arobaini na tatu. Nyuma ya kilima, Sajini Wekesa na vijana wanane walisubiri ndani ya magari mawili, wakinyamaza na kutokwa jasho.

"Kisima kwa Tai. Mnaonaje?" Akoru akanong'ona kwenye redio ya Motorola.

"Tai tuko sawa. Tunaiva tu."

Chini, Land Cruiser moja nyeupe. Mbele yake, pikapu mbili zisizo na namba. Watu sita wenye AK. Katikati yao, mtu mnene mwenye miwani myeusi, Meja Both, mjumbe wa jenerali mmoja wa ng'ambo aliyechoka kupigania visima kwa risasi. Mpango wao ulikuwa rahisi na mchafu. Mwenye sumu peke yake huua mifugo ya kila mtu, na ya kwake pia. Mwenye sumu na dawa yake huchagua ng'ombe wa nani wanywe.

Kestner alisimama katikati ya jua na kofia yake ya nyasi, shati limepigwa pasi. Akoru alimtazama mikono. Ilikuwa mikono misafi, yenye vidole virefu. Alimchukia kwa moyo wake wote, na alitaka afe leo, hapo, akiwa na hofu.

"Pipa moja ni hili," sauti ya Kestner ikasikika sikioni. "Tuweke kikombe kimoja kwenye beseni la maji. Kisha nitayasafisha mbele yako, Meja."

Mtu wake akachanganya. Kestner akalifungua kasha la bluu.

Akoru alikaza darubini. Ndani ya kasha hapakuwa na barafu hata kipande. Chupa ilikuwa ikielea kwenye maji. Kestner alitia kidole, akakitoa haraka.

"Kuna shida, khawaja?" Meja Both akauliza, akimwita mzungu kwa neno la kwao.

Kulikuwa na bunduki sita. Kestner akameza mate. "Hapana. Hakuna shida."

Akamimina chupa yote kwenye beseni. Akakoroga. Akaomba nusu saa, akapewa. Alikoroga tena, akajipangusa uso, akakoroga. Mwishowe akasema maji yako tayari, aletwe mbuzi.

"Mbuzi wa nini?" Meja Both akasema. "Kwetu mwenye kuleta maji ndiye anakunywa kwanza. Kunywa, khawaja."

"Meja, si lazima..."

"Kunywa."

Mtu mmoja akakoki bunduki. Kestner akachota kikombe. Akanywa mafunda mawili, akatabasamu, akakirudisha kikombe kwa adabu.

Dakika tatu. Dakika tano.

Jasho likaanza kumtoka kama aliyemwagiwa ndoo. Mate yakafuata. Akapiga magoti, akatapika, akalala ubavu mchangani, miguu ikitetemeka. Meja Both akatema mate pembeni yake.

"Twende," akawaambia watu wake.

"Tai," Akoru akasema. "Sasa."

Yeye mwenyewe alipiga risasi ya kwanza, tairi la mbele la pikapu. Ya pili, tairi la pikapu ya pili. Magari ya Wekesa yakatokea pande zote mbili za korongo. Watu sita na mtu wa Kestner wakatazama bunduki kumi zikiwatazama. Iliwachukua dakika nne kukubali.

Akoru akateremka kilima. Hakukimbia.

Kestner alikuwa akikoroma, povu mdomoni, mboni za macho zimekuwa ndogo kama vitobo vya sindano. Mfukoni mwa Akoru mlikuwa na kijaluba cha sindano sita za atropini, dawa ya sumu hiyo. Alisimama juu yake. Mtu huyu alikuwa akizama nchi kavu, kama alivyomzamisha Ebenyo, na Akoru aliona vizuri. Aliona raha, na hakuona haya.

Thuraya ikalia.

"Birika kwa Kisima. Yuko hai?"

Akoru akaishusha simu pajani.

"Kisima. Yuko hai?"

"Dada," Meja Both akasema kutoka chini, mikono imefungwa nyuma. Alikuwa amekaa mchangani, ametulia. "Kama unamwacha afe, muulize kwanza kisima. Pipa ya pili amemwaga jana. Alisema baada ya hapa atanionyesha kisima mzima, sumu, halafu safi."

"Kisima gani?"

"Hajaniambia. Cha wafugaji. Kina watu."

Akoru akatazama saa. Saa saba na nusu. Kuanzia saa tisa mbuzi huletwa kunywa, kisha wenye mbuzi wanajaza mitungi na kurudi nyumbani. Alikuwa na chembe za Ebenyo kwenye gari, mtungi mzima, na hakujua pa kuzipeleka. Aliijua vizuri njia iliyomfikisha hapo. Ni yeye aliyelizima jenereta.

Alipiga goti, akakizibua kifuniko cha sindano kwa meno, akamchoma Kestner pajani.

Hakuwahi kuchukia kitu alichokifanya kwa mkono wake mwenyewe kama alivyoichukia sindano hiyo.

Kestner akavuta pumzi. Ikafuata nyingine. Macho yakamtafuta.

"Nyingine," akasema kwa shida. "Haitoshi moja."

"Najua. Kisima kipi?"

"Nyingine kwanza..."

Akoru akaitoa sindano ya pili, akaishika mbele ya macho yake. Kestner alikuwa mwanasayansi. Hesabu hiyo aliijua.

"Tarach," akasema. "Upande wa juu wa daraja. Pale penye mikoma miwili."

Akoru akamchoma. "Yuko hai," akasema kwenye simu, akaikata.

*

Walimwacha Meja Both na watu wake chini ya ulinzi korongoni, wakafika saa tisa kasoro dakika kumi.

Mchanga wa mto Tarach ulikuwa umejaa mbuzi, mia mbili au zaidi, wakilia kwa kiu. Wanawake watatu walikuwa ndani ya shimo la kisima, wamesimama ngazi kwa ngazi, wakipokezana karai. Karai la kwanza lilikuwa linakaribia juu. Akoru akapiga risasi hewani na kila kitu kikasimama isipokuwa mbuzi.

Aliwaeleza kwa Kiturkana, haraka. Sumu. Mzungu. Jana.

Aliyetoka wa kwanza kisimani aliitwa Nakiru, mwenye shanga hadi kidevuni na hasira hadi utosini. "Mbuzi hawa hawajanywa siku mbili," akasema. "Unataka niwaambie nini?"

"Nipe saa moja."

Wekesa na vijana walisukuma mbuzi nyuma. Akoru alilijaza bomba la plastiki chembe nyeusi, akalifunga kitambaa pande zote mbili, akaunga pampu. Honda ikawaka. Maji yakapanda kutoka shimoni, yakapita kwenye makaa, yakarudi shimoni. Yakapanda tena.

Ebenyo aliacha pia vipande vya karatasi vya kupimia. Hata humo alibandika kimeng'enya, cha aina nyingine, kinacholeweshwa na sumu ileile kisiweze kuitia karatasi rangi. Karatasi ikibaki nyeupe, maji ni hatari. Ikigeuka bluu, yamepona.

Ya kwanza ilibaki nyeupe.

Ya pili, nyeupe.

Mbuzi mmoja akawapita vijana, akakamatwa mkia. Jua halikupungua hata kidogo. Bomba lilikuwa la moto mpaka Akoru akalishika kwa leso. Alijikuta akilinong'oneza jina la ndugu yake.

Ya tatu iliingiwa na rangi pembeni, rangi hafifu. Ya nne ikawa bluu yote.

Akawaonyesha. Nakiru akaitazama ile karatasi, akamtazama Akoru.

"Hiyo karatasi haina watoto," akasema. "Wewe unayesema maji yamepona, kunywa."

Haki yake. Akoru akachota kikombe. Wekesa akasema, "Madam, ngoja tuwaite wa maabara," lakini sauti yake ilikuwa mbali. Alinywa taratibu, mpaka mwisho. Maji yalikuwa na ladha ya mchanga na ya moshi kidogo. Akaketi juu ya jiwe, kijaluba cha sindano pembeni, watu wote wakimkodolea macho.

Dakika tano. Kumi. Ishirini.

"Haya," Nakiru akasema, akageuka kuwaita mbuzi.

Kestner alikuwa amekalishwa nyuma ya pikapu ya Wekesa, pingu mikononi, mgongo kwenye gurudumu la akiba. Atropini humwokoa mtu, lakini humkausha mdomo mpaka ulimi unagandamana na meno. Alikuwa ameona kila kitu. Macho yake yalikuwa kwenye bomba.

"Makaa?" akauliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Makaa."

"Alikibandika. Bila baridi." Akalamba midomo, ulimi haukuwa na kitu. "Nipe maji. Mmebeba maji ya chupa?"

"Yameisha. Vijana walikaa juani wakikungoja." Akoru akachota kikombe kisimani, akakileta, akakiweka juu ya bodi ya pikapu, pale ambapo mikono yenye pingu ingefika. "Kuna haya. Ameyasafisha Ebenyo. Ukimwamini, unywe. Usipomwamini, Lodwar ni masaa mawili."

Kestner akakitazama kikombe. Chini yao mbuzi walikuwa wakinywa, vichwa vimejaa kwenye karai. Alikitazama muda mrefu, mtu aliyemshika mwenzake kichwa ndani ya beseni. Akakichukua. Akanywa mara moja, yote, machozi yakimchuruzika, kisha akakinyoosha kikombe.

"Nyingine," akasema. "Tafadhali."

Akoru akamchotea. Akasimama hapo akamtazama mpaka tone la mwisho, ili asije akasahau ilivyokuwa.

"Wekesa, mpeleke Lodwar. Sindano nne zimebaki, mchome moja akianza kutokwa mate. Afike akiongea."

"Na wewe, madam?"

"Nina shughuli nyumbani."

Alimwachia Nakiru bomba, pampu na mtungi wa manjano, akamwonyesha namna ya kuzisuuza chembe. Akatoa risasi kwenye Glock, akaitupia kitini, akawasha Land Cruiser. Mazishi yalikuwa kesho saa nne, na alikuwa bado hajachagua nguo ya kumvalisha ndugu yake.